Kilindini Harbour, Pearl Harbor: tuandike Kiingereza kipi?

Kijana mmoja aliingia dukani kwangu, hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kuchapa barua ya kuomba kazi bandarini. Barua alikuwa ameshaiandika kwa mkono, kila neno amelipima. Alipofika penye “Kilindini Harbour”, kompyuta ikampigia mstari mwekundu chini ya “Harbour”. Akaifuta ile u. Mstari ukatoweka. Akaniita, “Ami, hebu njoo utazame. Jina la bandari yetu twalikosea miaka yote hii?”

Hatulikosei. Kompyuta aliyokalia ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, na huko bandari ni “harbor”, kama Pearl Harbor ya Hawaii. Uingereza ni “harbour”, na sisi tuliokipata Kiingereza kutoka huko twaandika hivyo hivyo. Ule mstari haukusema “umekosa”. Ulisema “Marekani hawaandiki hivi”. Lakini mtoto wa watu anayetafuta kazi hajui hayo. Yeye aona wekundu, afuta.

Swali lake naletewa kila wiki kwa sura nyingine. Mwanafunzi wa chuo aliyerudishiwa mradi wake umejaa kalamu nyekundu, fundi anayejifunza kutengeneza tovuti, dada anayefanya kazi ya kunukuu sauti mtandaoni kwa wateja wa ng'ambo. Nikiombwa kumchagulia mtu, nachagua hivi: kinachosomwa na binadamu hapa Kenya kiandikwe kwa tahajia ya Uingereza, kinachosomwa na kompyuta kiandikwe kama kompyuta inavyotaka, ambayo karibu kila mara ni ya Marekani. Katika matamshi nina msimamo tofauti kidogo, nitaufikia.

Yalikotoka

Samuel Johnson alichapisha kamusi yake London mwaka 1755, ikatia nguvu tahajia kama “colour” na “honour”, maneno yaliyopitia Kifaransa kabla ya kufika Kiingereza. Marekani ilipokwisha kujitawala, Noah Webster wa Connecticut aliona taifa jipya lastahili tahajia yake lenyewe, tena nyepesi kwa mtoto anayejifunza. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828 ikiwa na maneno kama 70,000. Humo u imeondoka katika “color”, re imekuwa er katika “center”, c imekuwa s katika “defense”. Si kila alilolitaka lilipita. Alipendekeza neno la ulimi liandikwe “tung” na la wanawake “wimmen”, na watu wakakataa.

Nayataja haya kwa sababu nimesikia watu wazima wakiwaambia watoto kwamba Kiingereza cha Marekani ni kile cha Uingereza kilichoharibiwa. Si kweli. “Color” na “honor” ndivyo yalivyoandikwa kwa Kilatini, na ile juzuu ya tamthilia za Shakespeare ya mwaka 1623 ina “honor” na “honour”, zote mbili. Chukua hata alumini ya madirisha yetu. Uingereza ni “aluminium”, Marekani ni “aluminum”, lakini aliyeandika “aluminum” mwaka 1812 alikuwa Mwingereza, mkemia Humphry Davy. Hakuna upande wenye usafi wa kumzidi mwenzake. Cha kutazama ni msomaji wako.

Na msomaji wetu hapa amelelewa katika tahajia ya Uingereza. Fungua Katiba ya 2010 kwa Kiingereza: dibaji ina “honouring” yenye u na “recognising” yenye s. Jeshi letu ni “Kenya Defence Forces”, kwa c. Jumba la mikutano la Nairobi ni “Convention Centre”, na huku kwetu Mji wa Kale tuna “Swahili Cultural Centre”. Afisa anayepokea barua amesoma vitabu vya namna hiyo tangu darasa la kwanza. Ukimwandikia “center” ataelewa, ila jicho lake litakwama, na barua ya kuomba kazi haitaki jicho la mtu likwame.

Jina rasmi la mahali au chama, hata hivyo, halibadilishwi kwa kumfuata msomaji. Ukimwandikia Mmarekani, Kilindini Harbour inabaki na u yake. Ukimwandikia Mwingereza, Pearl Harbor inabaki bila u. Waaustralia huandika “labour” katika maneno yao ya kila siku, lakini chama chao kinaitwa “Labor”, na hivyo ndivyo kinavyoandikwa popote.

Yaliyo rahisi, kwa mtazamo mmoja

| Maana | Uingereza | Marekani |
|---|---|---|
| rangi | colour | color |
| kituo | centre | center |
| ulinzi | defence | defense |
| hundi | cheque | check |
| tairi | tyre | tire |
| ghorofa | storey | story |
| kijivu | grey | gray |
| iliyofutwa | cancelled | canceled |

Haya yakariri tu, hayana siri. Mengine ndiyo yenye mtego.

Pale herufi moja inapobeba maana

Kiswahili kina “mita” moja. Ukienda Biashara Street kununua kitambaa wapimiwa kwa mita, ukirudi nyumbani wasoma mita ya stima. Mmarekani yuko kama sisi, kwake vyote viwili ni “meter”. Mwingereza hutenganisha: kipimo cha urefu ni “metre”, kifaa cha kupimia ni “meter”. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayeandika ripoti ya ujenzi lazima ajiulize kila mara ni mita ipi. Nimechapa makadirio ya gharama ambamo nyaya zilikuwa “50 meters” na msomaji akauliza mbona nyumba moja yahitaji mita hamsini za stima. Tahajia ya Uingereza ingeondoa swali hilo kabla halijazaliwa, na hapa naiona ni bora, si kwa mazoea tu.

Jambo hilo hilo liko kwenye leseni. Uingereza, leseni yenyewe ni “licence” kwa c, na kitendo cha kutoa leseni ni “license” kwa s. Dereva ana “driving licence”. Mazoezi ni “practice”, kufanya mazoezi ni “practise”. Marekani hawatenganishi: “license” daima kwa s, “practice” daima kwa c. Ukisahau, likumbuke neno la ushauri, maana hilo masikio yenyewe hutofautisha: “advice” ni ushauri, “advise” ni kushauri. C kwa kitu, s kwa kitendo.

Kwa wanaofanya kazi na meli kuna neno jingine la kuangalia. Kina ambacho chombo huzama majini, Uingereza ni “draught”, Marekani ni “draft”. Yatamkwa sawa, “drafti”. Lakini “draft” kwa Mwingereza ni rasimu ya maandishi, basi katika karatasi moja yenye rasimu na kina cha meli, tahajia ya Marekani inalitwisha neno moja mizigo miwili.

Ile z inayosingiziwa Marekani

Watu wengi huamini “organise” ni ya Uingereza na “organize” ni ya Marekani. Nusu yake ni kweli. Marekani huandika z. Uingereza wengi huandika s, lakini kamusi za Oxford zenyewe hutanguliza z, kwa hoja kwamba kiambishi hicho kilitoka Kigiriki kikiwa na z. Umoja wa Mataifa nao huandika “organization” kwa z huku ukiandika “labour” kwa u. Kwa hiyo ukiona z katika karatasi ya shirika la kimataifa, usikimbilie kusema mwandishi ni Mmarekani.

Mimi nachagua s, kwa sababu mbili. Ndiyo iliyo katika Katiba yetu na magazeti yetu. Ya pili ni usalama: yapo maneno ambayo hata Marekani huandikwa kwa s, nayo ni “advertise”, “exercise”, “supervise”, “surprise”, “advise”. Aliyezoea z huyakosea haya, aliyezoea s hana wasiwasi nayo. Abaki tu kukumbuka machache yenye z kila mahali, kama “size”, “prize” na “capsize”, hili la mwisho likiwa ndilo la chombo kupinduka baharini. Na “analyse” ya Uingereza ni kwa s daima, hata Oxford.

Herufi l nayo ina ukaidi wake. Uingereza huongeza l ya pili katika “travelled”, “labelled”, “modelling”, Marekani huandika moja. Ungedhani basi Uingereza hupenda l mbili. Geuza: “enrol”, “fulfil”, “skilful”, “instalment” ni za Uingereza kwa l moja, na Marekani ndio wanaoweka mbili, “enroll”, “fulfill”. Fomu za shule zetu zina “enrolment”, na nimewaona wazazi wakiisahihisha kwa kalamu wakidhani mchapaji alikosea.

Kwenye kompyuta

Hapa ndipo sheria yangu ya kwanza inapofika mpaka wake, na ndipo vijana wetu wanapopoteza saa nyingi bila kujua kwa nini.

Anza na programu. Ya mafunzo, ya sherehe, ya redio, Uingereza ni “programme”. Ya kompyuta ni “program”, Uingereza na Marekani sawa. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayeandika kwa tahajia ya Uingereza atakuwa na zote mbili katika CV moja: alihudhuria “training programme”, akajifunza kuandika “computer program”. Hajachanganya, yuko sawasawa. Diski iko hivyo pia. Ile ya sumaku iliyo ndani ya kompyuta ni “disk”, ile ya kung'aa inayosomwa kwa mwanga, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ni “compact disc” kwa c. Kijidirisha kinachokuuliza swali ni “dialog”, na mazungumzo ya watu ni “dialogue”.

Sasa msimbo, yaani maagizo anayoandika fundi ili kompyuta iyafuate. Aliyebuni mtandao wa tovuti mwaka 1989, Tim Berners-Lee, ni Mwingereza wa London. Hata hivyo lugha za kuundia tovuti zilifuata tahajia ya Marekani. Katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti, rangi ni “color” na kuweka katikati ni “center”. Ukiandika “colour”, kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, hakitakulalamikia, hakitakupigia mstari, kitaupita tu mstari huo kana kwamba haupo, na maandishi yako yatabaki meusi. Fundi mmoja nimfahamuye alimaliza alasiri nzima akitafuta kosa, na kosa lilikuwa u aliyofundishwa shuleni kwa fimbo. Ajabu ni kwamba kijivu kimeachiwa: “gray” na “grey” zote hukubaliwa.

Na msidhani mashine hufuata Marekani kila mara kwa usahihi. Kila kivinjari kinapofuata kiungo, kwa kawaida huiambia tovuti ya pili kimetoka wapi, kwa kichwa cha ujumbe, yaani mstari wa maelezo unaotangulia ujumbe wenyewe, kiitwacho “Referer”. Neno sahihi, Uingereza na Marekani, lina r mbili katikati: “referrer”. Mtaalamu aliyependekeza kichwa hicho, Phillip Hallam-Baker, aliliandika kwa r moja, likaingia katika waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 1996, na mpaka leo hakuna wa kulirekebisha, kwa kuwa kompyuta za dunia nzima zimeshalizoea. Kichwa kilichokuja baadaye, “Referrer-Policy”, kimeandikwa sawasawa. Basi mtu anayeandika msimbo leo lazima akosee neno hilo mahali pamoja na alipatie mahali pengine. Ndiyo maana nasema katika msimbo tahajia si lugha tena, ni ufunguo. Ufunguo haufai kwa uzuri, wafaa kwa kuingia kwenye kufuli lake.

Mabano yameshaleta ugomvi kati ya wanafunzi na video wanazojifunzia. Mwingereza akisema “brackets” bila kuongeza neno, ana maana ya mabano ya mviringo. Mmarekani ana maana ya yale ya mraba, na ya mviringo huyaita “parentheses”. Katika msimbo aina hizo mbili hufanya kazi tofauti kabisa. Video ikisema “brackets”, tazama kwanza kidole cha mwalimu kimebonyeza nini.

Alama ya reli, hii ya #, ina kisa kama hicho. Uingereza na kwetu ni “hash”. Marekani huita “pound”. Mama mmoja alipigia simu kampuni ya Marekani kufuatilia mzigo wa mwanawe, sauti ikamwambia abonyeze “pound”, akaitafuta alama ya pauni ya Uingereza kwenye simu mpaka simu ikakatika. Alikuja kwangu akiamini simu yake ni mbovu. Simu haikuwa na neno. Lilikuwa ni hilo reli analolibonyeza kila siku akiangalia salio.

Kibodi pia zatofautiana. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoshuka hapa zimetumika Uingereza, na kibodi ya Uingereza huweka alama za kunukuu juu ya 2, ilhali ya Marekani huweka @ hapo. Ikiwa ndani imewekwa Marekani na vitufe ni vya Uingereza, wabonyeza @ wapata alama ya kunukuu. Paswadi yenye @ itakataliwa hata kama waikumbuka vizuri. Kabla ya kulipia kubadilishiwa paswadi, andika @ mahali inapoonekana.

Tarehe si tahajia, lakini zimo humo humo kwenye mpangilio wa kompyuta, na madhara yake ni makubwa kuliko u ya “colour”. 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili, Marekani ni Machi 4. Kwenye karatasi za mizigo uandike mwezi kwa jina, au utangulize mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa kinavyotaka.

Katika kusema

Ulimi wetu ulishachagua kabla sisi hatujaulizwa. Tazama maneno tuliyoyachukua: kompyuta, meneja, baa, kadi, shati. Kwa Kiingereza yote yana r iliyoandikwa, na sisi hatukuichukua, kwa sababu wale tuliowasikia hawakuitamka. Mwingereza wa kusini huacha r isiyofuatwa na irabu. Mmarekani huitamka kwa kuukunja ulimi. Tungejifunza kwa Wamarekani huenda leo tungesema “kompyutari”.

Tofauti ya pili ni t iliyo kati ya irabu. Wamarekani huigonga upesi mpaka sikio letu lasikia r ya Kiswahili: “water” husikika kama “wora”. Neno la data, kwa baadhi yao, hufika sikioni karibu na “dera”, na anayesikiliza Mombasa atafikiria nguo. Waingereza wengi husema “deita”. Sisi tununuapo bando twasema “data” kwa a zetu wazi, na sioni sababu ya kuliacha hilo tukizungumza wenyewe kwa wenyewe.

Kifaa cha intaneti, Uingereza ni “ruuta”, Marekani ni “rauta”. Hapa siifuati Uingereza. Mafundi wote ninaowajua hapa mjini husema “rauta”, na ukiagiza “ruuta” utaulizwa mara mbili. Ratiba ya meli ni “shedyul” kwa Waingereza na “skejul” kwa Wamarekani. Sema yoyote, zote zaeleweka. Faragha ni “privasi” Uingereza, “praivasi” Marekani, na hata huko Uingereza wako wasemao la pili.

Herufi ya mwisho ya alfabeti sikubali ichezewe. Watoto wetu, kwa katuni za mtandaoni, sasa husema “zii”. Katika wimbo haina neno. Lakini ukimsomea mtu namba ya kontena au ya tiketi kwa simu, “zii” husikika kama “sii”, yaani herufi c, tena kwenye laini yenye kelele za soko la Kongowea. Sema “zed”. Hili si suala la Uingereza wala Marekani, ni la mzigo kufika.

Mengine yanayobishaniwa na watu wa kompyuta hayahusu nchi hata kidogo. “Cache”, hifadhi ya muda ya kompyuta, husemwa “kashi”, si “kache”. “Suite”, programu kadhaa zilizofungwa pamoja, ni “switi”, si “suti”. Picha za GIF, aliyezibuni mwaka 1987, Steve Wilhite, alitaka ziitwe “jif”, na watu wengi wakaendelea na g nzito. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ilizaliwa katika kampuni ya IBM ikiitwa SEQUEL, jina likafupishwa kwa sababu lilikuwa na mwenyewe, ndiyo maana wengine husema “sikwel” na wengine hutaja herufi tatu. Tamka unavyotaka.

Ukishachagua

Yule dada wa kunukuu sauti nilimwambia aandike cha Marekani, cha Marekani kitupu, kwa kuwa mteja wake yuko Chicago na ndiye anayelipa. Yule wa chuo, cha Uingereza. Mwenye wateja wa pande zote nilimfungulia nakala mbili za ukurasa mtupu, moja kwa kila mpangilio, ili asitegemee kumbukumbu. Msomaji husamehe tahajia asiyoizoea kuliko “colour” na “center” katika aya moja, kwa maana hapo haoni uamuzi, aona haraka ya mwandishi.

Kwenye programu ya kuandikia, teua maandishi yote kwanza, kisha uchague Kiingereza cha Uingereza kama lugha ya ukaguzi. Usipoyateua, mara nyingi utakuwa umebadilisha pale tu kishale kilipo. Kisha tumia kitafutio kutafuta “center”, “color”, “labor”, “license” na “meter”, moja moja, ukisoma sentensi yake kabla ya kugusa. Barua ya yule kijana tuliipitisha hivyo. “Harbour” ilirudi na u yake, na “driving license” yake ikapata c.